Dohani Chini ya Dirisha

Wiki iliyopita mume wangu alileta fundi hapa nyumbani kwetu Arusha kufunga mtambo wa gesi wa kuchemshia maji ya kuogea. Ni kitu kidogo cheupe, kinatundikwa ukutani, kinaunganishwa na mtungi, na ukifungua bomba kinawaka chenyewe. Alitaka kunifurahisha, maana miezi hii ya baridi huku kwetu maji yanauma kama meno. Fundi alikitundika bafuni, akafunga mlango ili upepo usimsumbue, akawasha. Rangi mpya ya bati ilipoanza kuungua, harufu yake ikapita chini ya mlango ikanifuata hadi jikoni. Niliacha sufuria motoni, nikaenda kuusukuma mlango kwa bega. Nilimwambia azime. Akacheka. "Mama, hii ni harufu ya upya tu, itaisha yenyewe." Nilizima mwenyewe, nikafunga mtungi, nikamwambia atoke nyumbani kwangu sasa hivi. Mume wangu alisimama ukumbini, mkono mdomoni. Hajawahi kuniona hivyo tangu anioe.

Siku ile sikumweleza. Naandika hapa kwanza, kwenu nyinyi wa rika langu mliokulia ughaibuni nyuma ya nyumba za watu, kwa sababu najua hamtaniuliza kwa nini sijasahau.

Tuliishi Al Wukair, nje kidogo ya Doha, wakati kule bado viwanja vilikuwa vingi kuliko nyumba. Kuta ndefu za rangi ya mchanga, halafu mchanga wenyewe, halafu kuta tena. Baba yangu alikuwa dereva wa nyumba na mama alikuwa mpishi. Wafanyakazi wa nyumbani kwa kawaida hawaleti watoto kule, sisi tuliletwa kwa sababu Bibi Mkubwa, mama mzazi wa mwenye nyumba, aligoma kula chakula cha mtu mwingine yeyote, na mama naye aligoma kurudi baada ya likizo bila mimi na mdogo wangu Shabani. Mtu akamjua mtu, karatasi zikapita. Kwa hiyo tulikuwa pale kwa fadhila, na haikupita juma bila mtu kutukumbusha.

Chumba chetu kilikuwa mulhak, ndivyo wanavyokiita kile kibanda cha matofali kinachojengwa uani, kimebanana na ukuta wa kiwanja. Upande mmoja tulilala wote wanne. Upande wa pili, nyuma ya kizuizi cha mbao nyembamba kilichopakwa rangi ya maziwa, palikuwa stoo ya viti vya plastiki na mahema ya kwendea jangwani. Dirisha lilikuwa moja, linatazama uchochoro kati ya chumba na ukuta wa nje, mwembamba kiasi kwamba mama alianika humo nguo zake za ndani bila wasiwasi, kwa kuwa mwanamume angepita pale angejikwaruza mabega yote mawili.

Mwenye nyumba tulimwita Baba. Ndivyo wafanyakazi wa ndani wanavyowaita waajiri kule: mume ni Baba, mke ni Mama, hata kama wewe umewazidi umri. Mimi hayo sikuyajua. Nilichosikia ni baba yangu, mtu mzima aliyeanza kuota mvi masikioni, akimwambia yule bwana mwenye ndevu nyeusi tii, "Ndiyo, Baba," "Gari tayari, Baba," nami nikafikiri kwa akili yangu ya miaka saba: baba wa baba ni babu. Yule ni babu yangu. Jumba lile la marumaru ni la babu. Na sisi tunakaa uani kwa sababu vyumba vya ndani bado havijapangwa. Nilishachagua changu, kile cha ghorofani chenye pazia la zambarau. Sikumwambia mtu, kwa kuwa kwangu halikuwa jambo la kusemwa, kama vile husemi kwamba jua liko juu. Ijumaa Baba akipita uani kwenda msikitini alinigusa utosini kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu kama rangi imekauka, na siku hiyo sikukubali mama anisuke.

Watu wakisikia Doha wanawaza joto tu. Joto lipo, lakini miezi ya baridi inapofika na upepo wa shamali ukaanza kuvuma, zile nyumba za marumaru zinakuwa kama kaburi. Bibi Mkubwa alikuwa na magoti mabovu. Walimpeleka Ujerumani kutibiwa, akarudi na magoti yale yale na hadithi moja: kule sakafu ina joto. Unashuka kitandani miguu mitupu na sakafu inakupokea. Alimsimulia mama jikoni, alimsimulia baba garini, alimsimulia mwanawe kila alipoingia kumbusu kichwa. Mwanawe hakuwahi kumnyima kitu. Hilo nakiri: alimpenda mama yake.

Basi mafundi wakaja. Walibomoa marumaru katika vyumba vyote vya Bibi, vumbi likatanda hadi juu ya sufuria za mama. Walitandika mbao nyeupe za povu, na juu yake wakazungusha bomba la plastiki, linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, kama mtu anayemimina jalebi kwenye karai. Mmoja wao alikuwa Mkenya wa Bungoma aitwaye Wafula. Siku aliyomsikia mama akinifokea kwa Kiswahili aliacha nyundo akacheka kwa sauti, akasema, "Kumbe hapa kuna watu wa nyumbani!" Tangu hapo nilikuwa naruhusiwa kukaa mlangoni nikimtazama.

"Unaona hii paipu?" aliniuliza. "Maji inatoka kwa boila ikiwa moto, inafika hapa kwa hii sanduku, inagawanywa." Sanduku lenyewe lilikuwa ukutani, limejaa vifundo vya shaba vyenye vifuniko vyekundu na vya buluu. "Hii inaenda chini ya kitanda ya shosho. Hii inaenda bafu yake. Ikimaliza kuzunguka inarudi imepoa, pampu inaisukuma, inapashwa tena. Haimwagiki popote. Ni maji ile ile tu, kama damu."

Kabla hawajamwaga zege juu ya mabomba walijaza maji, wakayasukuma kwa nguvu, wakafunga. Kisha wakakaa wakitazama mshale wa geji kama unashuka, siku nzima hadi kesho yake, kwa hofu kwamba tone moja lingetoka lingeharibu marumaru ya Bibi. Walipita na tochi kila kiungo. Walipapasa kwa vidole vikavu. Nimeufikiria sana uangalifu ule. Kwa ajili ya tone la maji watu wazima walipiga magoti.

Boila lenyewe lilikuwa liwekwe karibu na bustani, kwenye kibanda chake. Mke wa Baba akasema pale patakaa bembea ya watoto. Wakazunguka uwanja na mhandisi wao, mtu wa tai na viatu vya vumbi, mpaka wakafika kwetu. Mama alikuwa akimchana Shabani nywele mlangoni. Walitoa viti na mahema stoo, wakapima, na mhandisi akaonyesha kwa kidole juu: dohani, bomba la kutolea moshi, lipande lipite paa na lipite ukuta. Baba akatazama kule juu, akatazama geti. Akasema maneno mengi kwa Kiarabu. Baba yangu alikuwepo na funguo za gari mkononi, akamtafsiria mama baadaye: hataki bomba lionekane kutoka barabarani, watu watadhani amefungua tanuri la mikate. Likatwe hapa. Lipindwe, liishie uchochoroni, chini ya usawa wa ukuta.

Mhandisi alikuna kidevu. Halafu akasema inshallah, na neno hilo hapo halikuwa na Mungu ndani yake hata kidogo.

Kabla ya kuondoka, Baba alimgeukia baba yangu, akamwambia kitu akitabasamu na kugonga kile kizuizi chetu cha mbao. "Anasema," baba alimwambia mama, "na sisi tutafaidi. Joto litapita kwenye mbao."

"Shukran, Baba," baba alisema. "Shukran, shukran."

Mama alimalizia nywele za Shabani, kichana kikapita kwa nguvu hata mtoto akalia. Mimi nilikuwa na furaha ya kupasuka. Babu ametukumbuka. Babu ametuletea moto.

Walileta boila, sanduku la bati la kijivu lililonifika utosini. Wakafunga tangi jekundu la duara la kupokea maji yanapovimba kwa joto, wakafunga pampu, wakaleta mitungi mirefu ya gesi wakaisimamisha nje kwa minyororo. Bomba la moshi likatoka ukutani, likapinda, likaishia uchochoroni, urefu wa mkono wangu kutoka dirishani petu. Mama alihamisha nguo zake.

Siku ya kumaliza, Wafula alikuja mlangoni akijifuta mikono. Alimwambia mama, "Dada, hiyo dirisha yenu muache ikiwa wazi. Hata kukiwa na baridi."

"Kwa nini?"

Aligeuka kidogo kumtazama mhandisi aliyekuwa akisubiri garini. "Wee iache tu wazi kidogo. Hewa ni mzuri." Akachukua begi lake la vyuma akaenda.

Wakawasha. Harufu ile ya rangi ikajaa chumbani, kali, tamu kidogo, na chini ya harufu hiyo joto likaanza kupenya kwenye mbao. Nilikaa nimeegemeza mgongo, Shabani amelala mapajani, nikasikiliza pampu ikinguruma kama paka. Sijawahi kupata starehe kama ile tangu nizaliwe. Kule ndani, mama alisema, Bibi Mkubwa alivua soksi akatembea chumba kizima akicheka kama msichana.

Baada ya hapo tukaanza kuumwa vichwa. Mwanzo mama alidhani ni mafua. Kisha akadhani ni macho ya watu, akatufukizia ubani, na Mungu atusamehe, akafunga dirisha ili ubani usitoke. Shabani alikuwa mtoto wa kukimbia, asiyetulia hata akila. Akawa analala mchana, akiamshwa analegea. Mimi nilitapika uji. Mama ndiye aliyegundua, na hakugundua kwa elimu yoyote. Aligundua kwamba kichwa chake kinapona akiwa jikoni na kinarudi akirudi kulala.

"Ni lile dude," alimwambia baba. Baba yangu alikuwa anaosha gari mbele ya geti na sisi tumesimama juani. "Linatutapikia dirishani. Mwambie tajiri wako alihamishe."

"Mama Rehema, umeanza."

"Nimeanza nini? Mtazame mtoto."

"Nitamwambia."

Alimwambia, garini, wakienda mjini Al Wakrah. Jibu alilorudi nalo ni kwamba kampuni iliyofunga ni kubwa, mafi mushkila, hakuna tatizo, na kwamba mke wa Baba anahisi watoto wanakula chokoleti nyingi wanazopewa na wanawe. Baba yangu alitoa jibu hilo kama mtu aliyeleta dawa. Mama akamgeukia.

"Na wewe kichwa hakikuumi?"

"Kinauma," baba alisema. "Sasa tufanyeje? Tuseme joto hatulitaki? Watu wametuleta mpaka hapa na watoto. Usituharibie, mke wangu. Nakuomba. Usituharibie."

Tangu siku hiyo mama aliacha dirisha wazi, hata mchanga ukaingia kwenye mito. Baba yangu akilikuta wazi alilifunga, kwa ajili ya vumbi. Mama akilikuta limefungwa alilifungua. Hawakugombana juu yake. Mmoja alifunga na mwingine akafungua, siku baada ya siku.

Ijumaa ile shamali ilivuma tangu asubuhi, hewa ikawa ya manjano. Baba alikuwa na wageni wa chakula cha mchana, wanaume wengi, magari yamejaa hadi nje. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri na mbuzi mzima. Bibi Mkubwa alilalamika baridi, wakaongeza moto. Baba yangu alipita chumbani kubadili shati, akaona mchanga juu ya matandiko, akafunga dirisha, akatuambia tulale tusiwasumbue watu, akatoka kwenda kupanga magari ya wageni.

Nakumbuka pampu. Nakumbuka kwamba nilitaka kwenda kukojoa, nikaiambia miguu iinuke, na miguu haikuwa yangu. Shabani alikuwa karibu nami, mashavu yake mekundu mazuri, midomo myekundu kama aliyekula ubuyu, na nikawaza jinsi alivyopendeza. Nilitaka kumwita mama nione kama naye ataona. Kisha nikamsikia mama mwenyewe, sauti inatoka mbali kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Alikuwa ametuletea sahani ya wali. Sahani ilivunjika, hilo nililisikia vizuri.

Alinivuta kwa mkono mmoja, Shabani kwa mwingine, kama magunia, mpaka mchangani nje. Upepo ulinipiga usoni, nikatapika. Shabani hakutapika. Mama alimpiga mgongoni, akamwita, akampulizia, akamwita tena kwa jina lake lote na jina la babu yake wa kweli aliyeko Tanga. Kichwa kiliyumba tu. Akapiga kelele kumwita baba, na upepo ukazichukua.

Wanawake wa uani hawaingii majlisi, ukumbi wa wageni wa kiume. Hata chai huipeleka mwanamume. Mama alimbeba Shabani, ushungi umeanguka mabegani, mikono imejaa mafuta ya mbuzi, akapanda ngazi, akapita viatu vya wageni, akaingia. Nilimfuata nikitambaa hadi kwenye ngazi, na kutoka pale niliona: safu za kanzu nyeupe, sinia katikati, na mama akimlaza mtoto juu ya zulia jekundu mbele ya wali, kama mtu anayewaandalia.

Baba akasimama. "Nini hiki?" aliuliza kwa Kiarabu. Hakuuliza ana nini. Aliuliza nini hiki. Akaanza kumwonyesha mama mlango.

Mzee mmoja mwenye ndevu za hina alikuwa amekwisha kuinuka. Aliweka sikio kwenye kifua cha Shabani, mafuta ya mtoto yakamchafua shavu, hakujali. Alisema neno moja, gari, akamnyanyua yeye mwenyewe. Nje baba yangu alikuja mbio na funguo za watu wanne mkononi. Nyuma yetu Baba alipaza sauti kwamba gari lake limezibwa, Salim ayatoe kwanza haya ya wageni, na baba yangu, maana Salim ndilo jina lake, nilimwona kwa macho yangu, alisita. Alisimama na zile funguo akitazama huku na huku. Mzee akachomoa kati ya zile funguo za gari lake yeye, akazitia kwenye kiganja kingine cha baba yangu, akamwambia, "Endesha!"

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke, anauliza haraka haraka kwa Kiarabu. Mama alijua Kiarabu cha jikoni tu. Baba yangu ndiye aliyejua. Daktari aliuliza watoto wamepatwa na nini, na baba yangu akajibu kwamba wamekula kitu kibaya. Pengine chokoleti.

Mama alilishika neno kula. Hilo lilikuwa la jikoni.

"La!" alisema, akapiga meza kwa kofi. "La! Hawakula!" Akatafuta maneno, akayapata moja moja, akayatupa mbele ya daktari: nari, moto. Ghurfa, chumba. Moto chumbani. Kwa mikono akachora ukuta, akachora bomba linapinda, akachora dirisha, akajishika koo. "Baba Rehema, ukisema tena wamekula, Wallahi utanizika na wao."

Daktari hakumuuliza tena baba kitu. Alimtazama mama, akaita watu, wakatuvalisha vikombe vya plastiki puani na mdomoni, hewa baridi ikaanza kuingia. Hewa ile iliyotaka kutuua, mama aliambiwa baadaye, haina harufu wala rangi. Ile niliyokuwa nikiinusa ilikuwa ni rangi ya bati tu.

Baba yangu alikwenda kusimama kwenye korido na simu. Mlango ulikuwa wazi. "Hapana, Baba. Wako salama, Baba. Hakuna mtu aliyeuliza, Baba. Samahani sana, Baba."

Niliinua kikombe usoni. "Mama," nikasema, "babu atakuja kututazama?"

"Babu yupi?"

Nikaonyesha simu. "Babu. Baba yake baba."

Mama hakuelewa mara moja. Nilimwona akielewa. Uso wake ulikwenda mahali ambapo sijawahi kuuona ukienda tena, hata siku ya msiba wa baba. Alisimama mlangoni akasema taratibu, "Baba Rehema, kata hiyo simu. Njoo umwambie mwanao unaongea na nani."

"Nini tena?"

"Anauliza babu yake atakuja lini."

Baba yangu aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Alinishika mguu juu ya shuka. "Yule ni tajiri wangu," alisema. "Mwajiri. Tunamwita tu hivyo."

"Si babu?"

"Si babu, mwanangu."

Sikulia. Nilivuta mguu wangu kutoka mkononi mwake. Nililiona pazia la zambarau na chumba changu nyuma yake, na nikaelewa kwamba tulikaa uani kwa sababu uani ndiko mahali petu, na kwamba moto ule haukuletwa kwa ajili yetu, na kwamba baba yangu alijua hayo yote tangu mwanzo na bado alisema shukran. Watu husema mtoto husahau haraka. Mimi mguu ule sijaurudisha.

Shabani aliamka siku ya pili. Alikuwa na miaka mitatu na maneno mengi, nyimbo nzima, matusi mawili aliyojifunza kwa dereva wa jirani. Aliamka hana hata moja. Alitutazama kama watu aliowahi kuwaona mahali.

Tuliporudi Al Wukair tulikuta uamuzi umekwisha kufanyika. Tunarudishwa nyumbani, wote. Na kosa lilitajwa, kwa adabu, na mhasibu wa Baba aliyetumwa kuzungumza nasi: mama aliingia majlisi ya wanaume. Ndilo. Moshi haukutajwa na mtu.

Bibi Mkubwa alimwita mama kumuaga, nami nikaenda nimeshika khanga yake. Alikuwa amesimama miguu mitupu katikati ya chumba, analia machozi ya kweli, siwezi kumsingizia. Alimkumbatia mama, akampa blanketi jipya katika mfuko wake na chupa ya mafuta ya udi. Mama alimsubiri amalize. Kisha akamuuliza kwa kile Kiarabu chake cha jikoni, bila ukali, "Bibi, sakafu ina joto?"

"Ina joto, alhamdulillahi," Bibi alisema, kabla hajajua alichoulizwa.

Mama aliweka blanketi na chupa juu ya sakafu hiyo, akanishika mkono, tukatoka.

Asubuhi ya kuondoka Wafula alikuwa juu ya ngazi uchochoroni. Yule mzee wa ndevu za hina alikuwa amesema neno, nadhani, na neno la mtu kama yule husikika. Wafula alikuwa anaunga kipande cha bomba juu ya dohani. Kipande kimoja, na vishikizo viwili vya bati. Kilipita paa, kikapita ukuta. Kabla chai ya saa nne haijanywewa alikuwa anashuka, kazi imekwisha, na moshi unapanda juu na kwenda zake jangwani. Nilisimama nikautazama. Chumba chetu kilikuwa tupu, wanarudisha viti vya plastiki.

Wafula alimwona mama na mizigo. Alivua kofia. "Dada, pole sana. Mungu anajua, niliwaambia hao wakubwa."

"Uliwaambia wao," mama alisema. "Waliokuwa wanalala humu ni sisi."

Wafula alikunja ngazi yake.

Maskini huyo Wafula ana kosa dogo kuliko wote, najua, na alikuwa na watoto wake Bungoma wa kulisha. Hata hivyo nina hasira naye. Nina hasira na mhandisi na inshallah yake, na mke wa Baba na bembea yake, na Baba aliyeogopa bomba kuonekana barabarani. Baba yangu amefariki. Nilimlilia sana, na juu ya kaburi lake nilikuwa bado na hasira, nikashangaa kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kifua kimoja. Mama hajawahi kumlaumu mbele yetu. Alirudi Tanga, akafungua mgahawa mdogo, akaanza upya kumfundisha mwanawe kusema maji, kusema mama, kusema njaa.

Shabani sasa ni mtu mzima, mrefu kuliko mimi. Maneno yalirudi, mengi yao. Lakini ukimtuma vitu vitatu hurudi na kimoja, na mkono wake wa kushoto humwaga chai. Mafundi wa gereji walimjaribu, wakamrudisha. Anamsaidia mama kukanda unga, na unga anaujua. Hakumbuki chochote cha kule. Mwaka jana nilipokwenda Tanga tulikaa barazani, akaniuliza kwa vile anavyouliza, polepole, akilishika kila neno lisimtoroke.

"Dada, kwani huko kulikuwa na baridi sana?"

"Hapana," nikamwambia. "Sweta tu lingetosha."